Shajara ya mradi: mikoko ya Kriki ya Tudor, na nani anaulizwa

Mwezi mwandamo, bamvu (maji makuu, yanajaa na kukupwa sana), kaskazi ndio inaanza

Watu wanatuuliza sana mradi wetu ni wa nini hasa, acha nieleze mara moja alafu tuendelee na kazi. Prof anafundisha masomo ya mazingira chuoni hapa Mombasa, mimi ni msaidizi wake upande wa fildi, na tunachora ramani ya mikoko ya Kriki ya Tudor, mkono wa bahari unaoingia bara, kuanzia Mikindani kupanda mpaka Jomvu. Ramani ya miti peke yake ishachorwa na watafiti wengi na wengine kazi yao ni nzuri mno, yetu inaongeza juu ya ile miti mambo matatu: maji taka yanaingilia wapi, nani anatumia sehemu gani kwa shughuli gani, na nani huwa anakamatwa na kwa kosa gani. Prof anasema ukizipandanisha hizo karatasi utaona kitu ambacho huwezi kukiona ukisoma moja moja. Mi naamini hivo hivo, na si kwa sababu ananilipa, nimekulia huku Mikindani na nimeona kwa macho yangu mama mtu mzima akinyang'anywa mzigo wa kuni na askari wa msitu, na hatua chache nyuma yake mtaro unamwaga maji meusi ndani ya kriki mchana kweupe, hakuna hata mtu mmoja aliyegeuza shingo kuutazama.

Leo maji yalikupwa vizuri sana, tukashuka alfajiri na wanafunzi. Tunapima kwa viwanja vya mita 10 kwa 10, kila mti unaandikwa jina, unene na kimo, na kila kisiki nacho kinaandikwa. Kwenye mkoko wenyewe (yaani aina moja tu kati ya mikoko, ile yenye mizizi inayotoka kwenye shina) unene haupimwi kifuani kama miti ya bara, unapima sentimita 30 juu ya ule mzizi wa juu kabisa unaotoka kwenye shina, na wanafunzi wa mwaka wa pili walibishana hapo kidogo mpaka Prof akaingia mwenyewe kwenye tope akawaonyesha.

Mpangilio wa miti bado unasomeka ukitoka majini kuelekea nchi kavu, mlilana mbele unapigwa na mawimbi, nyuma yake mkoko, alafu muia na mkandaa, na mchu huku juu karibu na nyumba za watu (mchu utaupata mbele pia, huo mti unavumilia karibu kila kitu). Lakini Mikindani kuna mahali mkanda wa mkoko umekatika kabisa, unatoka kwenye mlilana unaingia kwenye tope tupu, alafu ghafla ni michu mirefu iliyonawiri. Nimeweka alama tano za kuuliza kwenye daftari hapo.

Siku iliyofuata

Visiki. Nataka niviandikie peke yake manake ndivyo vinavyotumika kila siku kulaumu watu.

Kuna visiki vya aina mbili na ukishavizoea huwezi kuvichanganya. Kimoja kimekatwa kwa panga, juu juu, kwenye goti au zaidi, kimechanikachanika, na mti wenyewe ulikua mwembamba, wa kutoa fito au pau. Kingine kimekatwa kwa msumeno, chini kabisa karibu na tope, kimenyooka laini, na unene wake ni wa boriti na nguzo. Vya panga viko kandokando ya njia za miguu. Vya msumeno viko upande wa maji, kwenye vijia ambavyo mtumbwi unaweza kuingia maji yakijaa, na kufika pale kwa miguu na mzigo kichwani ni shida hasa. Mama wa kuni haendi kule, hana mtumbwi na hana msumeno na hana soko la nguzo.

Wanafunzi waliuliza basi kwa nini wanaokamatwa ni wa kuni. Prof hakujibu, aliwaambia waandike hilo swali kwenye fomu na liwe sehemu ya utafiti rasmi, tulitafutie jibu kama tunavyotafuta unene wa mti.

Maji mafu, tuko darasani

Maji hayakupwi ya kutosha wiki hii kwa hivo Prof aliwapa somo ambalo mi nalisikia kila mwaka na sichoki. Anaanzia Houston, Texas, mwaka 1979. Mwanasheria Linda McKeever Bullard alikua na kesi ya wakaazi weusi waliopinga jaa la taka mtaani kwao, akamuomba mumewe Robert Bullard, mtaalamu wa sosholojia, amchoree ramani ya taka za jiji lote zinatupwa wapi. Ikaonekana majaa yote matano ya jiji yako kwenye mitaa ya weusi, na matanuri ya kuchoma taka 6 kati ya 8 yako huko huko, na weusi walikua kama robo tu ya watu wa Houston. Kesi walishindwa. Ile ramani haikushindwa, ndiyo iliyofungua njia ya watu kuanza kusema wazi kwamba uchafu una anwani na anwani yenyewe huchaguliwa.

Alafu anawarudisha nyumbani, Owino Uhuru, hapa hapa upande wetu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilijengwa kimegusana na nyumba za watu, risasi, yaani ile metali ya sumu ya ndani ya betri, ikaingia hewani, majini, kwenye udongo, kwenye damu za watoto. Phyllis Omido alikua ameajiriwa pale pale, mwanawe mchanga akaugua, vipimo vikaonyesha risasi, akaacha kazi akaanza kupigana. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman, mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi Mombasa ikaamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua ile hukumu, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu hiyo miaka, mtoto aliyekua mchanga wakati huo sasa ni kijana.

Kuna mwanafunzi wetu mmoja anatoka jirani na pale. Hakusema kitu darasani, ila baadaye alikuja kuniomba apangwe kwenye timu ya mitaro na si ya miti. Nimempanga.

Bamvu tena, jua kali

Timu ya mitaro imemaliza upande wa Mikindani. Tunaandika kila mahali maji taka yanapoingia kriki, liwe bomba, mtaro wa wazi, au choo kilichojengwa juu ya mfereji, tunachukua alama ya GPS, picha, rangi, harufu, na kama kuna mti wa aina gani hapo. Sehemu kubwa ya mji haina bomba la maji taka la kueleweka kwa hivo kriki ndio imefanywa bomba. Mikoko inasafisha, hilo ni kweli na limepimwa hapa hapa Tudor na watafiti kabla yetu, tope lake linakamata naitrojeni na fosforasi na uchafu mwingine kabla haujafika baharini. Ila watu wa ofisini wakishasikia hivo wanafurahi sana, wanaona basi tatizo limekwisha, msitu unafanya kazi ya bure, na huyo anayeishi kando ya huo msitu na kuingia kwenye hilo tope kutafuta kaa hata hatajwi.

Ule mchu ulionawiri niliouwekea alama za kuuliza uko mdomoni mwa mtaro mkubwa kuliko yote tuliyoandika, unakula mbolea yetu sisi binadamu. Ukichimba pale kwa kidole tope ni jeusi tii na linanuka yai viza, ile ni gesi ya salfa, maana yake oksijeni hakuna kabisa. Mbegu za mkoko tulizoziokota hapo nyingi zimeoza ncha ya chini kabla hazijashika. Na kule juu mito ya Kombeni na Tsalu nayo inaleta udongo wa mashamba kila mvua ikinyesha. Wazee bado wanaikumbuka El Niño ya 1997 na 1998, tope lilishuka likafukia mizizi ya kupumulia na mikoko mingi ikafia wima, Mwache hapo jirani ndio iliumia vibaya zaidi. Ile ilikua mvua, si panga la mtu.

Wapi lile pengo la mkoko limetoka basi? Mpaka sasa ramani inaonyesha pengo, mtaro, na visiki vya msumeno, vyote mahali pamoja. Visiki vya panga ni vichache mno pale.

Na kina mama wa Jomvu

Hii ndio siku niliyokua naingoja tangu tuanze.

Prof hataki tuite watu ukumbini tuwagawie soda na fomu. Tulienda na kina mama wenyewe asubuhi kwenye kuni, kwa ruhusa yao, na tulikubaliana kwanza kwamba hakuna picha ya sura ya mtu, hakuna jina, na njia wanazopita hazitawekwa kwenye ramani itakayotoka nje. Bibi aliyeongoza ni mtu mzima wa makamo ya nyanyangu, wanafunzi wote wakamwamkia shikamoo akaitika marahaba mmoja mmoja mpaka wakaisha, alafu akafunga leso kiunoni akatangulia. Kwenye tope anatembea haraka kuliko sisi wote, anakanyaga juu ya mizizi tu, mguu hauzami.

Akafika kwenye mkandaa uliokauka akaugonga kwa mgongo wa panga, akasikiliza. Akaugonga mwingine. Wa kwanza akauacha, akasema huo bado una maji ndani mwanangu, utakutoa machozi jikoni. Wa pili akauvunja kwa mkono, akaninusisha pale ulipovunjika, haunuki kitu. Huo ndio wa kuchukua. Tulizunguka naye mpaka maji yakaanza kurudi na kwa muda wote huo sikumuona akikata mti mbichi hata mmoja isipokua matawi ya mchu, na mchu anaukata kwa kuacha shina manake anajua utachipua tena. Mkoko hagusi. Nikamuuliza kwa nini, akaniangalia kama mtoto ambaye hajafundishwa, akasema mkoko ukiukata umeuua, hauchipui, na mimi ntakuja hapa kesho na keshokutwa ntakuta nini?

Hiyo ndio biolojia yenyewe, mkoko ukikatwa shina unakufa na mchu unarudisha matawi, wanafunzi wetu wanaisoma mwaka wa tatu. Na sheria ya kukataza kila kitu kwa kila mtu haiijui tofauti hiyo, inamweka huyu bibi na mwenye msumeno kwenye kapu moja, alafu inamkamata anayetembea kwa miguu manake ndiye rahisi kumkamata.

Kuni zake ni za nini? Anakaanga mahamri na viazi karai alfajiri, hiyo ndio ada ya shule ya wajukuu. Zamani alikua anatumia mafuta ya taa. Prof akamuuliza aliacha lini, akasema mwaka ule mafuta yalipopanda ghafla. Tukarudi ofisini tukaangalia: Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na kabla mwaka huo haujaisha sheria ya fedha ikaongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ati kuzuia watu kuyachanganya na dizeli. Mwaka mmoja, mkono mmoja unafunga msitu, mkono mwingine unampeleka mama msituni. Prof alinyamaza muda mrefu alafu akasema hii ndio sura ya pili ya ripoti, andika.

Kabla hatujaachana yule bibi alimuambia Prof, mwalimu, watu wengi wamekuja hapa kutuuliza, wewe utarudi kutuambia ulichokipata? Prof akasema ntarudi mama, kabla sijampa mtu mwingine yeyote. Nimeiandika hapa ili ibaki.

Fupi tu

Barua ya mfadhili mmoja imekuja. Wanapenda mradi ila wanataka ndani yake tuweke idadi ya miche itakayopandwa, na picha za watoto wa shule wakipanda. Prof amejibu kwa heshima kwamba kwenye lile tope la mbele, ambako wengi huwa wanapenda kupandia kwa sababu ni wazi na picha inatoka vizuri, mkoko haukai, hapo ni pa mlilana, na nyuma yake mtaro haujafungwa, kwa hivo mche utakaopandwa utakufa na lawama atabebeshwa mwanakijiji kwamba hakuutunza. Ameomba pesa hizo hizo zitumike kupima maji na kulipa muda wa wakaazi wanaofanya kazi na sisi. Hatujajibiwa. Mi nasema kama watakataa basi tutaenda polepole, bora hivo.

Wavuvi wanaisahihisha ramani

Tuliichapisha ramani kubwa ya turubai tukaitandika chini ya mwembe karibu na bandari ndogo ya mitumbwi, kalamu za rangi tukawapa wao. Mwanzo kimya. Alafu mzee mmoja akavua makubadhi akapanda juu ya ramani, akaonyesha kwa kidole cha mguu, hapa mmekosea jina, hapa ndio mlango wa mkizi msimu wa kaskazi, hapa kamba walikua wanaingia na sasa hawaingii. Baada ya yeye wote wakashuka juu ya turubai. Walichora sehemu za kuzalia samaki ambazo hatukua nazo popote, wakachora na mahali mafuta yaliganda mwaka 1988, bomba lilipopasuka huko Makupa, mikoko ikafa na mingine mpaka leo haijarudi. Wakasema pia tangu lile tuta la Makupa litolewe na daraja jipya kufunguliwa 2022 mkondo umebadilika, maji yanapita kati ya Tudor na kriki ya jirani ya Port Reitz tena, na wanaona tofauti kwenye nyavu zao, nzuri upande mmoja na mchanga kuhama upande mwingine. Hilo hatujalipima, tumeliweka kwenye orodha ya bamvu zijazo na watakuja wao wenyewe kutuonyesha wapi pa kuweka vijiti vya kupimia mchanga.

Kuna kijana alisimama akauliza kwa sauti, mkishaiweka hii karatasi kwa serikali si watakuja kutufungia hapa pia waseme ni pa kuzalia samaki? Kimya tena. Ni swali zito na ni la haki. Prof alisema ndiyo inaweza kutokea, kwa hivo ramani itakua mbili, moja ya jumla itakayotoka, na ile yenye sehemu zenu itakaa na kamati yenu, nyie ndio mtaamua nani anaiona na lini. Wamechagua watu wa kuitunza pale pale, na mmoja wao ni mwanamke anayenunua kaa, walibishana kidogo kuhusu hilo mpaka yule mzee wa makubadhi akasema huyu ndiye anatujua sote kwa madeni yetu, awemo. Akawemo.

Kusi imeanza, tope limepoa

Tumerudi kutoka Gazi, kule Kwale. Prof alitaka kamati ya Jomvu ione kwa macho yao na isisimuliwe. Mradi wa Mikoko Pamoja unauza hewa ukaa (yaani wanunuzi wanalipia kaboni inayoshikwa na msitu) ya hekta 117 za mikoko tangu 2013, kama tani 3,000 za kaboni daioksidi kwa mwaka, na pesa zinaamuliwa na watu wa Gazi na Makongeni kupitia kamati waliyoichagua, zimeenda kwenye maji na shule. Watu wetu hawakuuliza sana habari ya kaboni. Waliuliza habari ya mivinje. Manake Gazi walipanda mivinje nchi kavu ili watu wapate nguzo na kuni bila kuingia kwenye mikoko, na yule bibi yetu wa mahamri alienda akaushika mvinje akaugonga kwa ngumi kama anavyogonga mkandaa, akauliza unakua miaka mingapi, moto wake ukoje, na shamba la kupandia ni la nani. Hilo la mwisho ndio gumu upande wetu, Jomvu hakuna ardhi ya bure, kila kiwanja kina mtu anayesema ni chake. Prof amelichukua, anatafuta kwanza ardhi za shule.

Kuhusu sheria, tumekaa na wanasheria wanaojitolea. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye au mtu mwingine amepata hasara. Kina mama hawakuamini hilo mpaka likasomwa mara mbili. Na Sheria ya Misitu ya 2016 inaruhusu wakaazi kusajili chama cha jamii cha msitu na kuomba kushiriki usimamizi, ikiwemo kuokota kuni kwa utaratibu. Mombasa kaunti nzima ina hekta 3,771 za mikoko kwa mujibu wa mpango wa taifa wa 2017, kati ya 61,271 za nchi nzima, kwa hivo sisi ni wadogo ukilinganisha na Lamu, lakini hakuna mikoko Kenya inayobeba mji mkubwa kama huu mgongoni.

Wiki hii

Karatasi zimepandanishwa. Visiki vya panga viko kwenye njia za miguu, na huko msitu mwingi bado umesimama kwa sababu wanaokata wanachagua. Mapengo makubwa yako penye mitaro mikubwa na vijia vya mitumbwi. Matukio yote ya kukamatwa ambayo watu wametusimulia yako kwenye njia za miguu. Hakuna hata moja waliloliweka upande wa maji, na hakuna waliyewahi kumuona ameulizwa kwa ajili ya mtaro.

Jumamosi tunaipeleka Jomvu kwanza kama ilivyoahidiwa, imeandikwa kwa Kiswahili, herufi kubwa, na yule mwanafunzi wa timu ya mitaro ndiye atakayeisoma. Wakiipitisha itaenda kaunti pamoja na maombi matatu waliyoyaandika wenyewe: mtaro mkubwa wa Mikindani ufungwe kabla ya mche wowote kupandwa hapo, wapewe ruhusa ya maandishi ya kuni kavu na matawi ya mchu, na doria ya usiku upande wa maji ifanywe na wavuvi wakilipwa. Bado nahitaji mtu wa kutuazima spika na jenereta, na viti vya wazee, aliye navyo anitafute kabla ya Ijumaa.